Kumfuatilia Mtu Bila Kumwinda

Kigali ina uzoefu wa karibu miaka 40 wa tafiti za afya zinazomfuata mshiriki mwaka baada ya mwaka. Watu wanaotumia dawa za kulevya wanastahili utafiti wa aina hiyo, lakini kwao sharti la kwanza ni usalama wa jina.

Rwanda ni nchi ambayo mtu hapotei kirahisi. Kila kaya ina mudugudu wake, kila mudugudu uko chini ya kagari, kila kagari chini ya murenge, na juu yake wilaya. Katika kila mudugudu wapo wahudumu wa afya waliochaguliwa na majirani zao, abajyanama b'ubuzima, wanaojua nani ana mimba, mtoto wa nani hajamaliza chanjo na mzee gani amelala na kikohozi wiki ya pili. Mtafiti wa afya anayefika Kigali kutoka nchi nyingine huuona mpangilio huu akashukuru. Mshiriki wake akihama Kimisagara kwenda Kimironko, yupo wa kuulizwa.

Sasa mfikirie kijana anayevuta mugo, kama heroini inavyoitwa mitaani Kigali. Mpangilio uleule unaomfurahisha mtafiti ndio unaomfanya kijana huyu alale leo Nyabugogo, keshokutwa Gatenga, na jina lililo kwenye kitambulisho chake asilitaje popote. Anayeijua nyumba ya mjamzito anaijua pia nyumba ya mvutaji, na taarifa ikishatoka mdomoni haijulikani itaishia kwa nani.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kuendesha utafiti wa muda mrefu kwa watu wanaotumia dawa za kulevya katika jiji hili. Kumpata mtu kunawezekana. Kazi ni kumpata kwa njia isiyomkabidhi kwa mwingine, kumpata tena baada ya miezi sita, na baada ya miaka mitano awe bado anakuja kwa miguu yake na kwa hiari yake. Naamini Kigali inaiweza kazi hii kuliko miji mingi ya ukanda wetu, ili mradi ufuatiliaji wa kitabibu utenganishwe na ufuatiliaji wa kidola, kwa maandishi, kabla mshiriki wa kwanza hajaandikishwa.

Kuhesabu mara moja hakutoshi

Mwaka 2015 jarida la BMC Research Notes lilichapisha utafiti wa Kanyoni na wenzake uliowahoji vijana 2,479 wa Rwanda wenye umri wa miaka 14 hadi 35. Zaidi ya nusu yao, asilimia 52.5, walikuwa wametumia angalau kilevi kimoja maishani, pombe ikiwemo. Kijana mmoja kati ya 13 alikuwa na utegemezi wa pombe, mmoja kati ya 20 utegemezi wa tumbaku, na mmoja kati ya 40 utegemezi wa bangi, urumogi. Takwimu hizo ziliiamsha nchi, na hadi leo zinatajwa kila mjadala wa vijana na ulevi unapozuka.

Lakini utafiti wa namna hiyo humkuta mtu siku moja tu. Hauwezi kusema nani kati ya vijana wale aliacha, nani aliacha akarudia, nani alitoka kwenye bangi akaingia kwenye heroini, nani alianza kujidunga, nani alikufa na alikufa kwa nini. Maswali hayo hujibiwa na utafiti wa ufuatiliaji, ambao mtu yuleyule anaulizwa na kupimwa tena na tena kwa miaka.

Ushahidi wa thamani ya subira hiyo upo. Mjini Baltimore, Marekani, utafiti uitwao ALIVE ulianza mwaka 1988 na kuandikisha karibu watu 3,000 waliokuwa wakijidunga, kila mmoja akitakiwa kurudi kila baada ya miezi sita. Mwaka 2003 watafiti walichapisha mwenendo wa zaidi ya washiriki 1,300 waliofuatiliwa hadi mwaka 2000. Asilimia 29 waliendelea kujidunga muda wote. Asilimia 20 waliacha. Asilimia 14 waliacha wakarudia mara moja. Kundi kubwa kuliko yote, asilimia 37, waliacha na kurudi mara kadhaa. Daktari aliyeisoma habari hiyo hawezi tena kumfukuza mgonjwa kwa kuwa amerudia, maana anajua kwamba kurudia ni sehemu ya njia ambayo wengi hupita.

Amsterdam nayo iliwafuatilia watumiaji wa dawa za kulevya kuanzia mwaka 1985 hadi 2016. Kutokana na miaka hiyo watafiti walionyesha kwamba waliopata methadoni ya kutosha pamoja na sindano safi walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI na homa ya ini C, na kwamba faida hiyo haikuonekana kwa aliyepata huduma moja akakosa nyingine. Hakuna hojaji ya siku moja ingeweza kuleta jibu hilo.

Kwa Rwanda swali la homa ya ini C lina uzito wa pekee. Desemba 2018 serikali ilizindua mpango wa kuutokomeza ugonjwa huo kwa kupima watu milioni 4 na kuwatibu zaidi ya 100,000. Dawa za sasa huponya, ila aliyepona hapati kinga: akitumia sindano yenye damu ya mwingine anaweza kuambukizwa upya. Nchi itajuaje kama waliopona wamebaki salama, isipowafuatilia wale walio katika hatari kubwa?

Mji uliozoea kazi hii

Kigali haianzi na karatasi tupu. Mwaka 1986, wakati VVU bado vinaogopwa hata kutajwa, daktari Mmarekani Susan Allen na wenzake walianzisha hapa Projet San Francisco. Waliandikisha wanawake 1,458 kutoka kliniki za wajawazito na za watoto katika hospitali kuu ya Kigali, wakawapima, wakawafuatilia. Karibu theluthi moja yao walikuwa na maambukizi. Baadaye wakaanza kuwaita na waume, wenza wakashauriwa na kupimwa pamoja, na Kigali ikawa miongoni mwa miji ya kwanza barani Afrika kuonyesha kwamba njia hiyo inapunguza maambukizi ndani ya ndoa.

Kisha ikaja Aprili 1994. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliwachukua washiriki wengi na wafanyakazi wengi wa mradi ule. Baadaye mradi ulifufuka na kuendelea. Historia hiyo inawafundisha waendesha tafiti jambo zito: katika mji ambao orodha za majina ziliwahi kutumiwa kuua, daftari la majina ni amana, na anayelishika ameshika maisha ya watu.

Mwaka 2005 ukaanza utafiti mwingine, RWISA, kwa ushirikiano wa vyama vya wanawake wa Rwanda na watafiti wa Marekani wakiongozwa na Kathryn Anastos. Uliandikisha wanawake 936, kati yao 710 wenye VVU na 226 wasio navyo. Wengi walikuwa wamebakwa mwaka 1994. Kila baada ya miezi sita walirudi kuhojiwa, kuchunguzwa na kutolewa damu. Wakayasema mambo ambayo wengine hawakuwahi kuwaambia ndugu zao, kwa sababu waliletwa na vyama vyao wenyewe, na kwa sababu utafiti ulikwenda sambamba na huduma ya matibabu ya shirika la WE-ACTx. Aliyetoa damu yake kwa ajili ya sayansi alijua pia atakapotibiwa.

Mambo hayo mawili, kupokelewa na watu wako na kutibiwa palepale unapohojiwa, yanawafaa pia watumiaji wa dawa za kulevya. Tofauti iliyopo ni nzito. Mwanamke wa RWISA alipoingia lango la kliniki alibeba huzuni na pengine aibu aliyotwishwa na jamii, lakini hakuwa amevunja sheria. Mvutaji wa mugo anapoingia lango hilohilo, anachotakiwa kukieleza kwa ukweli ni kosa la jinai.

Wanaopotea ndio wenye habari

Kila utafiti wa muda mrefu hupoteza watu. Tuseme umeanza na washiriki 500 na kila mwaka unapoteza mmoja katika kila kumi. Baada ya miaka mitano umebaki na watu wapatao 295. Pengo hilo lingekuwa dogo kama waliobaki wangefanana na waliopotea. Hawafanani. Anayebaki mara nyingi ana pa kulala, ana simu, ana dada anayepokea ujumbe. Anayepotea yuko korokoroni, yuko hospitalini, amehama mji au amekufa. Ripoti ikiandikwa kwa waliobaki pekee, itasema hali ni nzuri kuliko ilivyo, na waziri atakayeisoma atapunguza fedha mahali zinapohitajika zaidi.

Dar es Salaam imeliona jambo hili kwa macho. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya umma Tanzania bara. Uchambuzi wa watu 629 walioandikishwa katika miaka miwili ya mwanzo ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja asilimia 57 walikuwa bado kwenye huduma. Watafiti hawakuishia kuwahesabu walioondoka. Waliuliza ni akina nani. Waliopewa dozi ndogo waliondoka zaidi kuliko waliopewa dozi ya kutosha. Waliowahi kudhulumiwa kingono waliondoka zaidi kuliko wengine. Kumbe sehemu ya lawama iliyokuwa ikibebeshwa mgonjwa ilikuwa ya kipimo cha dawa alichopewa, na sehemu nyingine ilikuwa ya jeraha la zamani ambalo hakuna aliyemuuliza. Hayo yanarekebishika.

Fomu ya kumpata mtu

Siku ya kwanza mratibu wa utafiti hujaza fomu ya mahali pa kumpata mshiriki. Kwa mtu mwenye nyumba, jina la mudugudu na namba ya simu vinatosha. Kwa mtu wa maskani, yaani vijiwe vya watumiaji, fomu hiyo huwa ndefu: anaitwaje na wenzake, anashinda wapi mchana, analala wapi mvua ikinyesha, anamsaidia nani kubeba mizigo stendi, ni dereva gani wa pikipiki anayemfahamu, mama yake anaishi wilaya gani, na nani katika hao wote hapaswi kabisa kuulizwa. Swali hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote, na ndilo linalosahaulika. Mshiriki achague mwenyewe wa kuulizwa habari zake, na achague maneno yatakayotumika. Mfuatiliaji akifika kwa shangazi asiseme ametoka kwenye utafiti wa dawa za kulevya. Aseme lile walilokubaliana, akae kidogo, aondoke.

Anayefanya kazi hiyo vizuri ni mwelimishaji rika, mtu aliyewahi kuishi maskani au anayeaminiwa huko. Anajua kwamba asubuhi mapema mtumiaji wa heroini huamka na arosto, mwili unauma, pua zinatiririka, na hakuna mahojiano yatakayofanyika hadi atulie. Anajua pia kwamba aliyetoka kuvuta sasa hivi anaweza kutia saini karatasi yoyote, na kwamba saini ya namna hiyo haina maana. Ridhaa ya kweli huombwa mtu akiwa na akili timamu, akaelezwa, akaombwa ayarudie maelezo kwa maneno yake, na ikiombwa siku ya kwanza, iombwe tena kila mwaka. Kwa Kigali, hiyo inamaanisha Kinyarwanda kwanza, na Kiswahili pia, ambacho ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017 na ndicho kinachozungumzwa barazani Nyamirambo na Biryogo.

Suala la fedha nalo husumbua. Wapo wanaosema mshiriki asipewe nauli taslimu kwa kuwa ataipeleka kwenye kete ya heroini. Hoja hiyo inamdhalilisha mtu, na inauumiza utafiti. Mshiriki ametoa nusu siku yake. Mwajiriwa wa benki akitoa nusu siku hulipwa bila kuulizwa atanunua nini. Linalofaa ni kiwango cha wastani, kilichokubaliwa na kamati ya maadili, kinachofidia muda na safari bila kuwa kikubwa kiasi cha kumlazimisha mtu kukubali asichokitaka.

Na kliniki iwe na uwezo wa kumhudumia anayefika. Kumwandikia mtu kwenye dodoso kwamba amewahi kuzidisha dozi mara tatu, kisha kumwacha aende bila naloksoni, dawa inayomzindua aliyezimwa na heroini, ni kumtumia. Jipu la sindano litibiwe palepale. Jibu la kipimo cha VVU au homa ya ini limrudie mwenyewe, pamoja na njia ya kwenda kutibiwa.

Sheria mlangoni

Sheria ya jinai ya Rwanda ya mwaka 2018, Na. 68/2018, katika ibara ya 263 inampa anayetumia dawa za kulevya kifungo cha mwaka mmoja hadi miwili au kazi za manufaa kwa jamii. Anayezifanyia biashara zile za daraja la juu anakabiliwa na miaka 20 hadi kifungo cha maisha. Zaidi ya mahakama kuna kituo cha mpito cha Gikondo, ambacho mashirika ya haki za binadamu yamekilalamikia kwa miaka mingi, na kuna kisiwa cha Iwawa katika Ziwa Kivu, chenye kituo cha kurekebisha tabia na kufundisha ufundi tangu mwaka 2010. Mshiriki wa utafiti anaweza kukosa ziara mbili mfululizo kwa sababu yuko mojawapo ya sehemu hizo. Mtafiti makini atataka kujua aliko, na hapo kuna mtego: akienda kumuuliza kwa jina, ameshatangaza kwamba mtu huyo yumo kwenye utafiti wake.

Marekani ilikabili tatizo hili zaidi ya nusu karne iliyopita. Sheria yake ya dawa za kulevya ya mwaka 1970 iliruhusu watafiti wapewe cheti cha usiri, ambacho kwacho hata mahakama haiwezi kumlazimisha mtafiti kutaja majina ya washiriki wake. Wabunge walielewa kwamba bila kinga hiyo hakuna atakayesema kweli, na bila kweli serikali ingekuwa inatunga sera gizani.

Kenya imetoa somo la upande wa pili. Wapangaji wa takwimu za VVU walipotaka kuwatambua watu wa makundi yaliyo hatarini kwa alama za vidole au mboni za macho, ili mmoja asihesabiwe mara mbili, makundi hayo yalikataa. Ripoti ya shirika la KELIN ya mwaka 2018 ilieleza hofu yao: mashine inayokutambua kliniki inaweza kukutambua pia kituo cha polisi. Tatizo la mtu kujiandikisha mara mbili ni la kweli, hasa penye nauli. Lakini mwelimishaji rika anayezijua sura, pamoja na namba ya siri inayotungwa kwa maswali machache, hulipunguza bila kumwachia mtu yeyote alama isiyofutika.

Rwanda ina misingi ya kujengea. Sheria Na. 058/2021 ya ulinzi wa taarifa binafsi inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Kamati ya Taifa ya Maadili hupitia tafiti kabla hazijaanza. Lakini sheria ya jumla haimtulizi mtu aliyezoea kukimbia. Anataka kujua, kwa jina la ofisi na kwa sahihi, kwamba askari hatasubiri nje ya lango siku ya ziara, kwamba mkuu wa kagari hatapewa orodha, na kwamba daftari la majina linakaa mbali na majibu, chini ya ufunguo wa watu wachache wanaojulikana.

Wanaobeba mzigo

Utafiti wa miaka mingi ni watu. Mhoji aliyemwona mshiriki mara nane hujua akikonda. Anapobadilishwa kila mwaka kwa sababu mkataba ni wa miezi kumi na miwili, mshiriki huanza upya kumwelezea mgeni maisha yake, na wengi huchoka. Waelimishaji rika ndio hulipwa kidogo zaidi na ndio huomboleza zaidi, maana wanaokufa ni marafiki zao. Baadhi yao waliacha dawa na kazi hii inawarudisha kila siku kwenye maskani walikotoka. Bajeti isiyo na fungu la ushauri nasaha kwa wafanyakazi imepungukiwa, hata kama vifaa vya maabara ni vya kisasa.

Fedha za utafiti huja kwa vipindi, mara nyingi miaka mitano. Siku fedha zinapokwisha, mshiriki aliyezoea kliniki iliyomwita kwa jina lake hapaswi kukuta mlango umefungwa. Mpango wa kumkabidhi kwa huduma za kawaida, kwa hospitali ya magonjwa ya akili ya Ndera, kwa kituo cha afya cha murenge au kwa kliniki nyingine anayoikubali, uandikwe mwaka wa kwanza. Matokeo nayo yarudi maskani kabla ya kupelekwa kwenye mikutano ya nje, yakielezwa kwa lugha ya waliotoa damu, na kundi la washiriki wenyewe liwe na sauti juu ya swali litakalofuata kuulizwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza kuandaliwa ni hati moja yenye sahihi nne: ya Wizara ya Afya, ya Polisi, ya Kamati ya Maadili na ya wawakilishi wa watumiaji wenyewe. Iseme kwamba kilichosemwa kliniki hakitakuwa ushahidi dhidi ya aliyekisema, kwamba kuja kwenye ziara hakutakuwa sababu ya kukamatwa, na kwamba anayetaka kujitoa atajitoa bila kupoteza matibabu. Ikikosekana hati hiyo, ni heri utafiti usianzishwe, kwa sababu utawaweka hatarini watu ambao tayari wako hatarini, na utakusanya majibu ya uongo. Ikiwepo, na ikaheshimiwa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tano, Kigali itaweza kuifundisha Afrika Mashariki jambo ambalo miji mingi imeshindwa: kumjua mtu kwa muda mrefu, na asijute kwamba alijulikana.